Mtoto "asiye na mifupa": namna ninavyofundisha daraja la yoga bila kumuumiza mtu kiuno

Wa Mbinga mjini, wa Mbamba Bay, Liuli, Lituhi, na ninyi mlio mbali ambao bado mnakumbuka harufu ya dagaa wakianikwa, wote nawasalimu. Leo siandiki siasa wala mpira. Naandika habari za mgongo.

Jumamosi moja nilikuwa ufukweni Mbamba Bay, jioni, jua limeanza kushukia upande wa Malawi. Nikaona kundi la vijana wamemzunguka dogo mmoja, miaka kumi na mbili hivi. Dogo kajipinda daraja: tumbo juu, viganja na nyayo mchangani, kichwa kinaning'inia. Mkubwa mmoja kamshika mabega, anamsukuma ili viganja visogee karibu na visigino. Wa tatu anarekodi kwa simu. Kila dogo akiguna, wanapiga makofi. Nikasogea, nikawaambia mwacheni ashuke. Wakanigeukia huku wanacheka: "Anko, huyu hana mifupa kabisa!"

Neno hilo nalijua sana. Nami niliwahi kuitwa hivyo, tena kwa sifa, na mfupa ambao sikuwa nao ndio ulionipeleka hospitali.

Niliondoka Mbinga nikiwa kijana mdogo, nikaenda Dar kwa ndugu, nikaingia kwenye kikundi cha sarakasi. Jina lake nalihifadhi. Nilikuwa mwepesi wa kupinda kuliko wote, kwa hiyo mwalimu akanifanya mfano. Ananilaza kifudifudi, anaweka goti lake kwenye kiuno changu, anashika mikono yangu miwili na kuivuta juu. Nikilalamika, jibu lake moja tu, mwanaume halii. Baada ya miezi nikaanza kusikia kitu kinachoma kiunoni upande wa kushoto. Nikiinama mbele kuchota maji, sawa tu, hakuna kitu. Nikipinda nyuma, moto! Nikanyamaza maana nilikuwa na onyesho mwisho wa wiki. Nikanyamaza tena wiki iliyofuata. Nilipokuja kupigwa picha nikaambiwa pingili ya mwisho ya kiuno ina ufa. Nikakaa karibu mwaka mzima bila mchezo wowote, nikarudi nyumbani kwa aibu kama mtu aliyefukuzwa.

Sasa ndugu msomaji, usidhani nachukia sarakasi. Ni fani yenye heshima na historia nchini kwetu. Miaka ya 1960 serikali ya Mwalimu Nyerere ilipeleka vijana China wakajifunze, na walivyorudi likaundwa kundi la taifa la sarakasi. Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanza mwaka 1981 na leo kinaitwa TaSUBa, kimekuwa kikiifundisha. Jirani zetu Kenya wana hadithi yao pia: mwaka 2007 ilianzishwa Africa Yoga Project pale Nairobi, na wanasarakasi walikuwa miongoni mwa vijana wa mwanzo kufundishwa kuwa walimu wa yoga. Kwa hiyo sarakasi na yoga huku kwetu ni kama watoto wa mama mkubwa na mama mdogo. Daraja ni lile lile. Tofauti ni kwamba kwenye sarakasi kuna mtu anakutazama na analipa kiingilio, wakati kwenye yoga hakuna wa kumfurahisha. Hiyo tofauti ndogo ndiyo iliyonivuta mimi.

Leo nina darasa dogo Mbinga mjini kila Jumamosi asubuhi, na mara moja moja nateremka ziwani. Wanafunzi wangu ni mchanganyiko: wasichana wa sekondari, mafundi cherehani wawili, dereva wa bodaboda, mama mmoja muuza mitumba. Wengi wanakuja na swali lile lile. Wameona picha kwenye simu, mtu kajipinda kama pete, wanataka na wao. Lini tutafika pale, mwalimu?

Kabla sijajibu lini, nawaeleza kwanza nini kinapinda.

Uti wa mgongo wa mtoto una pingili 33. Saba ni za shingo, kumi na mbili ziko nyuma ya mbavu, tano za kiuno, tano zinakuja kuungana kuwa mfupa mmoja katikati ya nyonga, na nne za mwisho ni kile kimkia. Hazipindi sawasawa. Zile kumi na mbili za nyuma ya mbavu zimefungwa na mbavu zenyewe, tena miiba yake imelaliana kama vigae vya bati, ukitaka kwenda nyuma zinagongana mapema. Za kiuno ndizo zimekaa wazi, hazina mbavu, zina nafasi ya kwenda nyuma. Shingo nayo iko huru. Kwa hiyo mtu ukimwambia "pinda nyuma" bila maelezo, mwili unatafuta njia rahisi: unavunjikia kiunoni na shingoni, sehemu ya katikati imekaa kama ubao.

Halafu kuna milango miwili ambayo watu huisahau, mabega na nyonga. Ili usimame kwenye daraja, mikono lazima ifunguke ipite nyuma ya masikio, na mapaja lazima yafunguke kwa mbele. Mabega yakigoma na nyonga ikigoma, deni lote analipa kiuno. Hapo ndipo ajali nyingi za daraja zilipo. Kiuno chenyewe hakina tatizo, kinabebeshwa mzigo wa wavivu wengine.

Na sisi wa huku tuna sababu zetu za kugoma. Fikiria maisha ya Mmatengo. Analima ngoro mlimani, ameinama na jembe toka asubuhi, anafukia nyasi, anachimba mashimo. Kuvuna kahawa ni mikono mbele. Ziwani anayepiga kasia amekunja mabega mbele, anayevuta nyavu vile vile. Na wewe uliye kafe hivi sasa, hebu jicheki. Kidevu kiko wapi? Kimetangulia kwenye skrini kama kinataka kuingia ndani, mgongo umekunjwa kama kamba, nyonga imekaa pembe toka ulipolipia saa yako. Nyonga iliyokaa imekunjwa masaa sita haifunguki kwa sababu tu umetandika mkeka.

Jaribu kitu hapo hapo ulipo, majirani wakikushangaa shauri yao. Simama, mgongo uguse ukuta, visigino hatua moja ndogo mbele ya ukuta. Bana mbavu za chini ziguse ukuta. Sasa inua mikono yote miwili, viwiko vimenyooka, ujaribu kugusa ukuta juu ya kichwa. Kama ili uguse imebidi mbavu zitoke na kiuno kiachane na ukuta, basi umeshaona mwenyewe deni linakwenda kwa nani. Wanafunzi wangu wapya karibu wote wanatoka hivyo. Hao hawapewi daraja mwezi huo, hata walie.

Lakini niseme kitu ambacho kilinichukua miaka kukielewa. Mwanafunzi mkavu, yule mwenye mabega kama mlango wa chuma, huyo hanisumbui sana. Mwili wake unamlinda wenyewe, utamkatalia kabla hajaumia. Ninayemwogopa ni yule mwepesi. Yule "asiye na mifupa". Huyu anapinda siku ya kwanza, darasa zima linashangilia, naye hajui anapinda kutoka wapi. Kwa sababu kiuno chake kinakubali haraka, hana haja ya kufungua mabega wala nyonga. Anarudia mara hamsini mahali pale pale padogo, pingili mbili tatu za chini. Chukua waya, uupinde mahali pamoja, uunyooshe, upinde tena. Mara ya kwanza hakuna kitu. Mara ya arobaini unakatika mkononi, tena bila nguvu yoyote.

Mfupa nao uko hivyo. Nyuma ya kila pingili ya kiuno kuna daraja jembamba la mfupa. Ukipinda nyuma kwa kina, pingili ya juu na ya chini zinalibana kama mkasi. Mara nyingi, bila kupumzika, linapata ufa. Madaktari wanauita ufa huo spondilolisisi, na mara nyingi sana unatokea kwenye pingili ya tano ya kiuno, ile ya mwisho kabisa. Mwaka 1976 madaktari wa Marekani waliwapiga picha wasichana 100 wa jimnastiki wakakuta 11 kati yao wana ufa huo, wakati kwa watu wa kawaida wanaokutwa nao ni kama sita katika mia. Wakati mbaya zaidi ni ule wa kubalehe, mtoto anaporefuka ghafla. Mfupa unarefuka, misuli inabaki nyuma, na ule upande wa nyuma wa pingili bado haujakomaa vizuri. Yaani umri ule ule ambao mtoto anapinda vizuri zaidi na kupigiwa makofi zaidi ndio umri ambao mfupa wake haujawa tayari. Dogo wa Mbamba Bay yuko hapo hapo.

Habari njema ni kwamba ufa ukigunduliwa mapema, mtu akapumzika miezi mitatu hivi na kuimarisha misuli ya tumbo na mgongo, wengi wanarudi kwenye mchezo. Ubaya ni kunyamaza kama nilivyonyamaza mimi. Pingili inaweza kuteleza mbele kidogo, na hapo hadithi inakuwa nyingine.

Haya, sasa darasa lenyewe linakwendaje.

Mbinga mjini ni mlimani, mwezi Juni na Julai baridi inakata. Pale sianzi kupinda kabla ya dakika ishirini za kuchemsha mwili. Tunatembea, tunazungusha mabega, tunakaa kama tunachuchumaa chooni na kuinuka, tunapanda na kushuka ngazi za ukumbi. Ziwani joto lenyewe limeshafanya nusu ya kazi, dakika kumi zinatosha. Na ni msimu wa kahawa pia, kwa hiyo nauliza: nani katoka kuchuma? Aliyechuma jana siku nzima na kubeba ndoo, leo halalii daraja. Misuli iliyochoka haishiki mfupa.

Cha kwanza ninachofundisha ni sfinksi. Unalala kifudifudi, unaweka viwiko chini ya mabega, unainua kifua, basi. Wanafunzi wanaona ni mchezo wa watoto. Mimi huwaambia hili ni pozi la nyumbani, maana Wajerumani walipofika Liuli wakaona lile jiwe la pale ziwani linafanana na sfinksi wa Misri, wakapaita Sphinxhafen, bandari ya sfinksi. Ndiyo bandari hiyo hiyo ambako Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliivamia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann. (Hiyo vita ya ziwa letu nitaiandika siku nyingine, msinitoe kwenye mada.) Kwenye sfinksi nataka kitu kimoja tu: kivute kifua mbele, kama unataka kupitisha mfupa wa kifua katikati ya mikono. Mbele, siyo juu. Ukivuta mbele, zile pingili za nyuma ya mbavu zinaanza kuamka. Ukisukuma juu, unarudi kule kule kiunoni.

Baada ya hapo nzige. Kifudifudi tena, mikono kando, unainua kifua na miguu bila kujisukuma na chochote. Hapa mtu anapinda kwa misuli yake mwenyewe, na huwezi kupinda zaidi ya nguvu uliyonayo. Ndiyo maana naipenda. Nikimwona mwanafunzi anafika mbali sana kwenye daraja lakini kwenye nzige hainui hata kidevu, najua huyo anakopa.

Kisha tunafungua nyonga: goti moja chini kwenye kanga iliyokunjwa, mguu mwingine mbele, unakaza kalio la mguu wa nyuma na kusogea mbele taratibu hadi usikie paja linavutika. Mabega tunayafungua ukutani. Halafu daraja dogo: unalala chali, magoti juu, nyayo chini, unainua nyonga tu, mabega na kichwa vinabaki kwenye mkeka. Kwa mwanafunzi wa kawaida hapo ndipo tunaishi miezi miwili hadi mitatu. Wengine wanakimbia, sawa, waende. Wanaobaki nawafikisha kwenye ngamia, umepiga magoti na mikono iko kiunoni inasukuma nyonga mbele. Kugusa visigino ni baadaye, na si lazima.

Daraja kubwa linakuja mwisho, na siku ya kwanza mikono haiwi sakafuni. Naweka kigoda kigumu, miguu minne, kimeegemezwa ukutani kisiteleze, mwanafunzi anaweka viganja juu yake. Mikono ikiwa juu kidogo, mabega na kiuno vyote vinapumua. Wazo la kusaidiwa na vitu silo langu. B.K.S. Iyengar, mwalimu wa India aliyezaliwa mwaka 1918 na kufariki 2014, yule aliyeandika kitabu cha Light on Yoga mwaka 1966, alijulikana sana kwa kutumia viti, kamba na magogo ili mtu wa kawaida afike mahali bila kuumia. Yeye alikuwa na viti vya chuma, mimi nina vigoda.

Akishapanda, nachungulia vitu vinne haraka haraka. Nyayo ziwe zimenyooka mbele, zisitoke nje kama za bata, kwa sababu nyayo zikitoka na magoti yanatawanyika, kiuno kinabanwa. Shingo ilegee, mtu asijitupie kichwa nyuma kutafuta sakafu. Uzito ugawanyike mikononi na miguuni. Na la mwisho, ambalo kwangu ndiyo kipimo kikuu, pumzi. Akiweza kuniambia jina lake lote bila kukatika, yuko sawa. Akibana pumzi, kapita mpaka wake, ashuke. Pumzi tatu hadi tano zinatosha, mara tatu, basi. Hakuna sababu ya mtu kukaa daraja dakika mbili mpaka mikono inatetemeka.

Kushuka nako kuna watu wanaumia. Kidevu kwanza kinaingia kifuani, viwiko vinakunjwa, unashusha mabega, halafu mgongo, kiuno mwisho. Ukishafika chini usikurupuke kukumbatia magoti au kuinama mbele mara moja. Lala chali magoti yamekunjwa, nyayo chini, utulie kama dakika nzima. Mgongo umetoka mbali, uache ufike nyumbani kwanza ndipo uutume safari nyingine.

Ufukweni kuna la ziada. Mchanga mkavu unaonekana laini, watu wanadhani ni salama, kumbe viganja vinazama na vifundo vya mikono vinapinda kupita kiasi, tena ufukwe una mteremko, upande mmoja wa mwili unabeba zaidi. Sogeeni kwenye mchanga mbichi karibu na maji, ule mgumu, mtafute pa tambarare. Na miguu isiwe na maji wala mafuta, utateleza utue na kisogo.

Sasa mikono ya mwalimu. Hapa ndipo pagumu kuliko pozi lolote.

Sheria yangu ni kwamba simsukumi mtu kwenda ndani zaidi. Simkalii mgongoni, simvuti mikono, sipigi goti kiunoni mwake. Mwenye mgongo ana taarifa ambazo mimi sina, yeye anasikia kinachochoma, mimi naona kwa nje tu. Nikimgusa ni kumpa tegemeo asidondoke, au kumwonyesha kwa kidole mahali: sukuma hapa. Na naomba ruhusa kwa sauti, kila mara, hata kama jana alikubali. Kwa wasichana ndiyo zaidi. Huku ni mji mdogo, watu wana macho na wana sababu ya kuwa na macho. Darasa langu la wasichana halianzi mpaka yule mama muuza mitumba awepo, na mlango unakaa wazi. Kuna mwalimu mwenzangu aliniambia najitia woga. Nikamwambia sawa, mimi mwoga.

Msije mkadhani nimekuwa malaika. Mwaka juzi nilikuwa na mwanafunzi, binti wa kidato cha pili, mwepesi ajabu. Siku ya pili tu alipanda daraja kubwa bila kigoda, kama anaamka kitandani. Na mimi, mimi niliyevunjwa kwa sifa, nikafanya nini? Nikamwita mbele. Nikawaambia wengine, mwangalieni huyu. Kila Jumamosi nikamwita mbele. Mwezi wa tatu akanifuata baada ya darasa, anaangalia chini: "Mwalimu, kiuno kinaniuma upande huu tu. Lakini si sana." Upande mmoja tu. Akipinda nyuma, siyo mbele. Nilisikia baridi mwili mzima.

Nikamwambia asimame kwa mguu mmoja, ule wa upande unaouma, apinde nyuma kidogo tu huku nimemshikilia. Akakunja uso. Kipimo hicho si cha kumhukumu mtu moja kwa moja, lakini kikiuma hivyo unaacha kufundisha, unapeleka hospitali. Nilikwenda nyumbani kwao siku ile ile kuongea na mama yake, nikiwa nimejiandaa kutukanwa. Mama akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza moja tu: "Baba, kwa nini hukumwambia mapema kwamba inaweza kuuma?" Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo. Walimpeleka Peramiho, akaambiwa apumzike, akapewa mazoezi ya tumbo. Alirudi baada ya miezi, anafanya nzige na sfinksi, na sasa akipinda anapinda kutoka kifuani, polepole, siyo mbali kama zamani. Simwiti mbele.

Tangu hapo siku ya kwanza ya darasa naanza na maumivu. Nawaambia, kuvutika mbele ya paja, sawa. Misuli kuchoka, sawa. Kitu kinachochoma sehemu ndogo kiunoni, hasa upande mmoja, hapana. Ganzi au umeme unaoshuka mguuni, hapana, acha. Mguu kukosa nguvu, au mkojo kushindwa kujizuia, hiyo si habari ya mwalimu wa yoga wala ya mganga wa kuchua, ni hospitali usiku huo huo. Na maumivu ya mgongo yanayokaa wiki kadhaa pamoja na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, mtu akapime kifua kikuu, maana TB inakaa hata kwenye pingili, na mgongo wa namna hiyo kuupinda ni hatari kubwa. Wajawazito, wenye ngiri, waliofanyiwa operesheni ya tumbo karibuni, wenye presha isiyotulia au presha ya macho, na wazee ambao mifupa imeanza kulika, wote hao wanakaribishwa darasani, lakini daraja kubwa si lao. Kuna mengi mengine ya kufanya.

Nijibu na lile swali la kila siku, kama yoga ni dini. Asili yake ni India na ina mizizi ya dini huko, sifichi. Ninachofundisha mimi ni mwili na pumzi, hatuimbi chochote, na waumini wa makanisa na misikiti wanakuja na kuondoka na dini zao. Umoja wa Mataifa ulipitisha mwaka 2014 kwamba Juni 21 iwe Siku ya Kimataifa ya Yoga, na ikaanza kuadhimishwa mwaka 2015. Asiyetaka asije, hatugombani.

Sasa yule dogo wa Mbamba Bay. Nilimlaza kifudifudi palepale mchangani nikamwonyesha sfinksi. Wenzake wakasonya, aliyekuwa anarekodi akazima simu. Dogo mwenyewe akaniuliza, "Sasa anko, daraja lini?" Nikamwambia akiweza nzige kwa pumzi kumi bila kuguna, mabega yake yakagusa ukuta bila kiuno kutoka, aniletee kigoda tuanze. Nikajua nimemfukuza.

Niliporudi wiki mbili baadaye nikamkuta ananisubiri pale pale, na wenzake watatu, wamelala kwenye mchanga mbichi wamejipanga kama dagaa, wanahesabu pumzi kwa sauti. Kando yao kuna kigoda. Hatujafika hata pumzi ya saba, akatokea mama mmoja anakuja mbio kutoka upande wa nyumba, mwiko mkononi, anauliza nani kachukua kigoda chake cha jikoni na yeye kaacha ugali motoni.